Kuteua Kumbukumbu ya Tarakilishi ya Kujiundia: Istilahi, Vipimo na Maamuzi

IKISIRI

Makala haya yanajadili uteuzi wa kumbukumbu kwa ajili ya tarakilishi ya mezani ambayo mwanafunzi anajiundia mwenyewe. Yanashikilia kwamba maswali ya mnunuzi yana utaratibu wake: aanze na ulinganifu, afuatishe kiasi, kisha ndipo aulize kasi. Aidha, yanapendekeza kuwepo kwa mpaka wa kiistilahi kati ya kumbukumbu na hifadhi, maadamu mkanganyiko wa maneno haya mawili ndio huzaa hasara dukani.

1.0 Utangulizi

Imezoeleka kudhani kwamba yaliyomo ndani ya kasha la tarakilishi ni milki ya wahandisi, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hana haja nayo almuradi mashine inawaka na tasnifu inachapika. Dhana hii imepitwa na wakati. Mwanaisimu wa leo anachanganua korpasi. Mtafiti wa fasihi simulizi ananukuu mahojiano ya saa nzima. Mchunguzi wa tendi anasoma picha za miswada iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Kazi zote hizi zinaitegemea tarakilishi. Nayo tarakilishi inayoundwa kwa vipande vilivyonunuliwa kimoja kimoja, pengine kwa akiba ndogo iliyobanwa kutoka kwa mkopo wa masomo, haina fundi wa kulaumiwa. Muundaji ndiye mteuzi na ndiye mlipaji.

Kati ya vipande hivyo, kumbukumbu ndiyo iliyo rahisi zaidi kununuliwa visivyo. Kasha dogo mtu huliona kwa macho yake. Diski isiyotosha hujaa na mwenyewe akajua imejaa. Kumbukumbu, kinyume chake, ni vibamba vyembamba vya urefu unaokaribiana ambavyo kwa jicho lisilozoea ni ndugu wa tumbo moja. Kimoja hukataa kuingia, kingine huingia na mashine isiwake, na cha tatu huingia, mashine ikawaka, ila ikafanya kazi kwa kiwango kilicho chini ya kile kilicholipiwa. Huyu wa tatu ndiye hatari kuliko wote kwa sababu halalamiki.

2.0 Kumbukumbu au hifadhi?

Tuanze na lugha, maana huko ndiko nyumbani kwetu. Mtu akiingia katika duka la vifaa vya tarakilishi kwenye barabara ya Luthuli au Moi jijini Nairobi na kuomba "memori ya mia tano" ataletewa diski. Akiomba "memori ya nane" ataletewa kumbukumbu. Muuzaji hakulisikiliza neno bali aliikisia tarakimu. Ukisiaji huo ulifaa zamani, wakati kiasi cha kumbukumbu na kiasi cha diski vilikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Siku hizi gigabaiti 64 zinaweza kuwa kumbukumbu ya mashine kubwa au diski mweko ya kuning'iniza kwenye ufunguo, na matangazo ya simu yamezidi kuchafua maji kwa kuita kila kitu memori.

Neno letu kumbukumbu nalo lina utata wake wa kisemantiki. Kumbukumbu za mkutano ni maandishi yanayowekwa ili yadumu. Siku ya kumbukumbu huadhimishwa ili jambo lisisahauliwe. Katika tarakilishi, hata hivyo, kumbukumbu ni kile kifaa kinachosahau kila kitu mara stima inapokatika, ilhali kinachokumbuka ni diski. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeambiwa kwamba kazi yake "imo kwenye kumbukumbu" ana kila sababu ya kuamini kuwa iko salama, kumbe haijahifadhiwa popote.

Je, tulitupe neno? La hasha. Limekwisha kuota mizizi, na istilahi huimarika kwa kutumiwa. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokuwa katika mradi wa Kilinux walilielewa hilo: mwaka 2004 walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo mtu aliweza kuitumia kwa Kiswahili kila siku badala ya kusoma orodha ya istilahi kabatini. Linalohitajika ni kuweka mpaka. Katika makala haya, kumbukumbu ni ile ya kazi inayopotea umeme ukipotea, ambayo mitaani huitwa ramu. Hifadhi ni diski za aina zote. Anayezingatia mpaka huu dukani atamlazimisha muuzaji naye auzingatie.

3.0 Ghala na ungo

Mfano wa nyumbani utatufaa. Mahindi yako ghalani, lakini hakuna anayepepeta ndani ya ghala. Huchotwa kiasi, yakatiwa katika ungo, yakapepetwa, kisha yakarudishwa au yakapelekwa kinuni. Hifadhi ni ghala na kumbukumbu ni ungo. Ungo ukiwa mdogo, kazi haisimami, ila mpepetaji atakuwa na safari nyingi za ghalani. Tarakilishi iliyoishiwa na kumbukumbu hufanya vivyo hivyo: huhamishia sehemu ya data kwenye diski ili kupata nafasi, kisha huirudisha inapohitajika. Kufikia data katika kumbukumbu huchukua makumi ya nanosekunde. Diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kadhaa, yaani muda unaozidi ule kwa mamia ya maelfu. Diski zisizozunguka ni nyepesi zaidi, lakini hata hizo haziwezi kushindana na kumbukumbu.

Ndani ya chipu, kila biti inashikiliwa na transista moja na kapasita moja. Muundo huu ulibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1968. Kapasita ni mfano wa mtungi unaovuja: ukijazwa chaji unahesabiwa kuwa 1, ukiwa mtupu ni 0. Kwa kuwa unavuja, sharti ujazwe upya kabla haujapungua hadi usijulikane kama ni 1 au 0. Kwa kawaida mitungi yote hupitiwa na kujazwa ndani ya kila milisekunde 64. Hii ndiyo sababu kumbukumbu haiwezi kuishi bila umeme hata kidogo. Chipu ya Intel 1103, iliyotoka mwaka 1970, ilikuwa na mitungi 1,024. Kipande kimoja cha gigabaiti 16 kina zaidi ya bilioni 137. Ajabu ni kwamba vitu hivi hufanya kazi.

4.0 Ulinganifu: swali la kwanza

Kumbukumbu za tarakilishi za mezani zimepangika kwa vizazi, navyo haviingiliani. DDR ilisanifishwa mwaka 2000, DDR2 mwaka 2003, DDR3 mwaka 2007, DDR4 mwaka 2012 na DDR5 mwaka 2020. Kila kizazi kina volti yake: DDR3 hutumia volti 1.5, DDR4 volti 1.2 na DDR5 volti 1.1. Kila kimoja pia kina pengo dogo kwenye ukingo wenye pini, na pengo hilo limewekwa mahali tofauti ili kipande kisiingie kwenye ubao usio wake. Mnunuzi asiyajue haya huhesabu pini, na hapo hupotea. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288. Idadi ni moja, pengo ni mbalimbali. Kipande kinachokataa kuingia kisisukumwe, kwa kuwa kinachovunjika hapo ni ubao mama, na gharama yake si ndogo.

Kwa hiyo, prosesa na ubao mama huteuliwa kwanza, na kumbukumbu huvifuata. Soketi ya AMD iitwayo AM4, iliyoanza mwaka 2016, hutumia DDR4. Ile ya AM5, ya mwaka 2022, haikubali ila DDR5. Soketi ya Intel ya LGA1700, iliyoanza mwaka 2021, ndiyo huwachanganya watu: prosesa zake zinakubali vizazi vyote viwili, lakini karibu kila ubao umetengenezwa kwa kimoja tu. Mtu husoma sifa za prosesa, akanunua DDR5, akafika nyumbani na kukuta ubao ni wa DDR4. Sharti asome sifa za ubao. Watengenezaji wa mbao hizi huchapisha orodha ya vipande walivyovijaribu, na hakuna sababu ya kutoitazama.

Mitego mingine miwili ni ya umbo na ya aina. Kumbukumbu ya tarakilishi ya mapajani ni fupi kuliko ya mezani na haiwezi kutumika mahali pake. Kosa hili hutokea zaidi kwa wanaoagiza bila kuona. Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa una harufu ya bahati. Kumbukumbu za seva zilizotumika huuzwa kwa bei ya kuvutia. Zile za DDR3 na DDR4 zina urefu na pengo sawa na za mezani, kwa hivyo zinaingia vizuri kabisa, ila ubao wa kawaida hauwezi kuzitumia na mashine haiwaki. Siri iko kwenye kibandiko. Baada ya maandishi mfano wa PC4-2400T, hufuata herufi. Ikiwa ni U, kipande ni cha kawaida cha mezani. R ni cha seva. S ni cha mapajani. Herufi moja tu, kama ilivyo katika lugha yetu ambapo paa na kaa, baba na bata, hutenganishwa na fonimu moja.

5.0 Kiasi: swali lenye uzito

Hapa ndipo makala haya yatakapotua kidogo, kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa mitaani kuhusu kiasi ni wa wacheza michezo ya tarakilishi, na mahitaji yao si mahitaji yetu.

Mfumo endeshi wa Windows 11, uliotolewa mwaka 2021, unadai angalau gigabaiti 4. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa mlangoni. Si kiwango cha kukaa kwa starehe. Mfumo wenyewe, kivinjari chenye kurasa kumi na faili moja ya tasnifu hukimaliza mapema. Zaidi ya hayo, anayetumia mfumo wa zamani wa biti 32 afahamu kwamba anwani zake hufika 4,294,967,296 tu, yaani gigabaiti 4. Akimwongezea mtambo huo gigabaiti nyingine nne, chini ya Windows za kawaida za aina hiyo zitakaa bure.

Matini ya Kiswahili yenyewe ni mepesi mno. Alfabeti yetu haina viambishi vya juu wala herufi za pekee, hivyo kila herufi huchukua baiti moja tu katika usimbaji wa UTF-8. Tukikadiria herufi sita kwa neno pamoja na nafasi moja, maneno milioni moja ni megabaiti 7. Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki, katika toleo lake la pili, ina takriban maneno milioni 25. Kwa hesabu hii, matini yake matupu yangekuwa megabaiti 175. Msomaji anaweza kudhani kwamba suala limekwisha. Halijaisha. Programu ya uchanganuzi iliyoandikwa kwa lugha kama Python, ikiliweka kila neno peke yake, huliongezea makumi ya baiti za utambulisho. Maneno yale yale milioni 25 hukaribia gigabaiti moja na nusu kabla hatujaweka shina la neno, ngeli yake, nyakati na viambishi. Kwa lugha ambishi bainishi kama yetu, maelezo ya neno moja huwa marefu kuliko neno lenyewe. Mtafiti anayeitaka korpasi nzima pamoja na maelezo yake ndani ya kumbukumbu kwa wakati mmoja hatatoshwa na gigabaiti 8.

Matini hayo hayo yakiandikwa kwa hati za Kiarabu, kila herufi huchukua baiti mbili badala ya moja. Hilo ni dogo. Kubwa ni picha za miswada. Ukurasa wa A4 ukipigwa picha ya rangi kwa uzito wa nukta 600 kwa inchi una nukta 4,960 kwa 7,016, na kila nukta ina baiti tatu. Zidisha: ni zaidi ya megabaiti 104 kwa ukurasa mmoja. Faili iliyobanwa huenda ikawa ndogo sana diskini, na hapo ndipo watu hudanganyika. Lakini ili ionekane kwenye kiwambo sharti ifunguliwe, na ikifunguliwa hurudi kwenye ukubwa wake wa asili. Kurasa ishirini za utenzi zikifunguliwa pamoja ili kulinganisha mwandiko wa wanakili wawili hudai gigabaiti 2 peke yake, mbali na hatua za kurudi nyuma ambazo programu za picha huzitunza.

Sauti ni ya wastani. Mahojiano ya saa moja yaliyorekodiwa kwa kiwango cha diski za muziki, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, baiti mbili kwa sampuli na mikondo miwili, ni megabaiti 635. Programu za kuhariri aghalabu huipanua idadi hiyo maradufu. Hata hivyo, programu nyingi za sauti hufanyia kazi kwenye diski na huchota kidogo kidogo, kwa hivyo mtafiti wa fasihi simulizi asitishwe na tarakimu hizi kama mwenzake wa miswada.

Kwa maoni ya mwandishi, basi, anayechapa na kusoma tu aweza kuishi na gigabaiti 8, ingawa ataishi kwa kufunga kurasa moja afunguapo nyingine. Gigabaiti 16 ndizo zinazomfaa mwanafunzi wa uzamili kwa kazi za kawaida. Gigabaiti 32 zina maana kwa mwenye korpasi kubwa au rundo la miswada, na zaidi ya hapo ni fahari. Kumbukumbu isiyotumika haiongezi kasi yoyote. Ungo mpana kwa kibaba kimoja cha mahindi haupepeti upesi kuliko ungo wa kadiri.

6.0 Kasi na ukawiaji

Vipimo viwili huandikwa kwenye kipande, na wengi husoma kimoja tu. Cha kwanza ni idadi ya mipeleko. DDR4-3200 ina maana kwamba data hupelekwa mara milioni 3,200 kwa sekunde. Kwa kuwa kila mpeleko ni wa biti 64, ambazo ni baiti 8, tunapata megabaiti 25,600 kwa sekunde. Ndiyo maana kipande hicho hicho huandikwa pia PC4-25600, na si kwamba kuna aina mbili. Vilevile, DDR3-1600 ndiyo PC3-12800.

Ugomvi mwingi kati ya wanunuzi na wauzaji unatokana na herufi mbili za mwanzo, yaani DD, zinazoashiria kwamba data hupelekwa mara mbili kwa kila mpigo wa saa ya kumbukumbu. Kipande cha 3200 kina saa ya megahezi 1,600. Programu kadhaa za kukagua mashine huonyesha saa badala ya mipeleko, na mnunuzi akiiona 1,600 huapa kwamba ameibiwa nusu. Hakuibiwa. Azidishe kwa mbili.

Kipimo cha pili ni ukawiaji, ambao huandikwa CL na tarakimu mbele yake. Hii ni idadi ya mipigo ya saa inayopita tangu data iombwe katika safu iliyokwisha kufunguliwa hadi ianze kutoka. Mipigo peke yake haisemi kitu mpaka igeuzwe kuwa muda: zidisha CL kwa 2,000, kisha gawanya kwa idadi ya mipeleko, jibu ni nanosekunde. Tujaribu. DDR3-1600 yenye CL11 hutoa 13.75. DDR4-3200 yenye CL22 hutoa 13.75 vilevile. DDR4-3200 yenye CL16 hutoa 10, na DDR5-6000 yenye CL30 hutoa 10. Ilhali DDR5-4800 yenye CL40 hutoa karibu 16.7. Msomaji atambue jambo hapa: upana wa mto umeongezeka mara kadhaa tangu DDR3, lakini muda wa kungoja tone la kwanza haujapungua sana. Anayelipia kizazi kipya analipia upana. Ukilinganisha vipande viwili vya kizazi kimoja na kasi moja, chenye CL ndogo ndicho bora, ila ubora huo kwa kazi za maandishi hautahisiwa na vidole vya mwandishi yeyote.

Linalohisiwa ni mikondo miwili. Mbao nyingi za mezani husoma vipande viwili kwa pamoja endapo vimepachikwa kwenye mikondo tofauti, na upana hugeuka kuwa wa biti 128. Vipande viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16 kwa yule ambaye prosesa yake inachora picha yenyewe bila kadi ya michoro, kwa sababu uchoraji huo hula kutoka chungu kile kile cha kumbukumbu. Wengi wetu tumo katika kundi hilo. Aliye na ubao wa mianya miwili tu na mwenye matumaini ya kufika 32 anaweza kuanza na kimoja cha 16, akivumilia upungufu wa kasi. Huo ni uamuzi wa kibajeti na hauna jibu moja.

7.0 Sokoni

Sehemu kubwa ya chipu za kumbukumbu duniani hutengenezwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Majina mengi yaliyomo kwenye vibandiko ni ya waunganishaji. Mwaka 2025 bei ilipanda vikali kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, na mnamo Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuacha biashara ya Crucial, chapa yake kwa wanunuzi wa kawaida. Mwanafunzi wa chuo cha Kenya hakushauriwa, lakini analipa. Ni sababu mojawapo ya kutodharau ubao wa DDR4 uliotumika na vipande vyake, mradi vipimwe.

Taa za rangi na mabati yenye pembe zipuuzwe. Baadhi ya mabati hayo ni marefu kiasi cha kugonga feni ya prosesa. Kuchanganya vipande vya watengenezaji wawili huwezekana, lakini vyote hushuka hadi kiwango cha kilicho dhaifu, na wakati mwingine hukataa kuelewana kabisa. Jozi iliyofungwa pamoja kiwandani ina usalama zaidi. Muuzaji aulizwe, mbele ya risiti, iwapo atakipokea kipande tena kikionekana na kasoro, na kwa siku ngapi. Kuuliza si ujinga, na jibu lake liandikwe nyuma ya risiti hiyo.

8.0 Kupachika na kupima

Mashine izimwe na waya utolewe ukutani. Mpachikaji aguse chuma cha kasha kwanza ili umemetuli uliomo mwilini uondoke, hasa majira ya kiangazi na sakafu ikiwa na zulia, kisha ashike kipande kwa kingo bila kugusa pini. Pengo lilinganishwe na kizuizi cha mwanya, halafu kipande kikandamizwe kwa nguvu sawa pande zote mbili hadi vishikizi vilie. Kwenye ubao wa mianya minne, vipande viwili kwa kawaida huwekwa katika mwanya wa pili na wa nne kuanzia kwa prosesa. Kitabu cha ubao kitathibitisha. Kuviweka ubavu kwa ubavu katika wa kwanza na wa pili aghalabu huua mikondo miwili bila onyo.

Mashine yenye DDR5 ikiwashwa kwa mara ya kwanza inaweza kukaa na kiwambo cheusi kwa dakika kadhaa inapojifunza kumbukumbu yake. Isizimwe kwa pupa. Ikishawaka, mwenyewe aingie kwenye mipangilio ya ubao na kutazama kasi inayotumika. Kipande cha DDR5-6000 huanza kwa kiwango sanifu, kwa mfano 4800, mpaka pale wasifu ulioandikwa ndani yake unapowezeshwa. Wasifu huo huitwa XMP kwenye mbao za Intel na EXPO kwenye za AMD. Huyu ndiye yule asiyelalamika tuliyemtaja mwanzoni: mashine nyingi huishi miaka mizima bila mtu kuubonyeza mpangilio huo. Iwapo mashine itayumba baada ya kuwezeshwa, irudishwe nyuma, kwani kasi ya wasifu ni ahadi ya mtengenezaji wa kipande na si ya prosesa.

Mwisho ni upimaji. Programu huria ya Memtest86+ huwekwa kwenye diski mweko na kuanzishwa kabla ya mfumo endeshi. Huandika ruwaza katika kila chumba cha kumbukumbu, kisha huzisoma tena na kulinganisha. Iachwe ikizunguka usiku kucha. Kosa moja tu latosha kukirudisha kipande dukani, kwa sababu kumbukumbu mbovu haiharibu kwa kishindo: hugeuza biti moja katika faili ambayo baadaye huhifadhiwa, na nakala za akiba nazo huipokea ikiwa imeharibika vivyo hivyo. Vipande vikiwa viwili, kipimwe kimoja kimoja katika mwanya ule ule ili ijulikane ni kipi chenye ila, au kama ila ni ya mwanya wenyewe, na upimaji huo ufanywe ndani ya siku zilizoandikwa nyuma ya risiti.